Phelista na Mkwewe Ndani ya Ploti Moja

Phelista Nanjala hakuogopa mtu. Hakuogopa askari wa kanjo waliokuja kufukuza wachuuzi kwenye soko la Bungoma, hakuogopa fahali wa jirani, wala hakumwogopa mchungaji wa kanisa la Friends aliyemwambia mbele ya watu kwamba sauti yake inaifunika kwaya nzima. "Basi kwaya ijikaze," alimjibu, akaingia ubeti wa pili. Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumfanya mama huyu atimue mbio, naye alikuwa kijana mpole, mwembamba, fundi wa redio huko Kitale, jina lake Hillary Sifuna. Huyo alikuwa mume wa binti yake, Fridah.

Msidhani Sifuna alikuwa amemkosea. Kosa lake lilikuwa kuoa tu. Kwa Wabukusu wa rika la Phelista, mama na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawali chumba kimoja, na mama halali katika nyumba ya mkwewe hata kama nje kuna chui. Si chuki hiyo, ni heshima, na Phelista aliishika heshima yake kwa mikono na meno. Kuna siku Sifuna alikuja Bungoma kutafuta vipuri, akapita sokoni akiendesha baiskeli. Phelista alipomwona kwa mbali alijirusha nyuma ya rundo la kabichi la jirani yake, njugu alizokuwa akiuza zikamwagika zote. Sifuna naye alikuwa amemwona. Akafumba macho kwa adabu, na kwa kuwa baiskeli haiendeshwi na mtu aliyefumba macho, akaishia mtaroni. Soko lilicheka hadi jioni. Phelista akiwa bado amechutama pale chini, mteja alimkuta akamwuliza bei, naye akauza kabichi mbili ambazo hazikuwa zake.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Aliolewa Kanduyi akiwa msichana mwenye kiuno, mume wake akawa na kazi huko Webuye, na mume huyo akafariki Fridah akiwa darasa la pili. Tangu hapo ni njugu za kukaanga zilizomlea mtoto, zikamsomesha, zikamvika gauni la harusi. Kama kuna kitu Phelista alikipenda kuliko sauti yake mwenyewe, ni kicheko cha Fridah. Msichana yule alikuwa akicheka hadi anafukuzwa darasani, anaenda kucheka nje, mwalimu anashindwa kufundisha, anamrudisha ndani.

Sasa, mwanzoni mwa mwaka 2006, Hiram mwenye simu ya jamii alimwita kutoka upande wa pili wa soko. "Mama Fridah! Simu yako! Ni Kitale!"

"Haro?" Phelista alipiga kelele, maana aliamini Kitale ni mbali na simu inahitaji kusaidiwa.

"Mama, naitwa Mwihaki, mimi ni jirani ya Fridah huku kwa ploti. Nimeambiwa nikuambie Fridah hayuko sawa."

Nyuma ya sauti hiyo kulikuwa na mnong'ono wa kiume: "Mwambie hakuli. Mwambie hata kulala halali." Phelista akaujua mnong'ono huo mara moja. Akaitoa simu sikioni kwa heshima. Kisha akakumbuka kwamba bila sikio hakuna habari, akairudisha, ila akageuza uso ukutani, kana kwamba Sifuna angeweza kumchungulia kupitia vitundu vya simu.

"Ako na mimba, mama," Mwihaki aliendelea. "Miezi sita. Kliniki wanasema mtoto hakui vile inafaa. Ni mdogo kuliko miezi yake. Na Fridah anakaa tu kwa giza, haongei. Bwanake anaogopa sana."

Phelista alikuwa ameijua hiyo mimba tangu Krismasi, lakini kwao mimba haitajwi mpaka mtoto alie. Unaiona, unanyamaza, unaangalia pembeni. Kulikuwa pia na mimba nyingine mwaka uliotangulia, iliyotoka kabla ya wakati wake, nayo watu waliinyamazia vivyo hivyo. Sasa ule unyamavu wote ulimkaa kifuani kama ugali usioiva. Alimrudishia Hiram simu yake bila hata kumtania, na Hiram akajua kuna jambo.

Kesho yake alifika Kitale na kuku mmoja kwapani na mfuko wa njugu mkononi. Ploti ilikuwa safu ya vyumba vya kupanga, mfereji mmoja wa maji katikati, choo, bafu la mabati, na pikapu kuukuu ya mzee Kimaiyo, aliyekuwa akimwangalizia mwenye ploti mali yake. Mtu alipopaza sauti kwamba mgeni wa Bungoma amefika, Sifuna alionekana akiruka ua wa nyuma akiwa na kiatu kimoja. Hapo heshima ikawa imetimizwa, Phelista akaingia.

Fridah alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, pazia limefungwa mchana kweupe, sweta amelivaa ndani nje. Mashavu yake ya mviringo yalikuwa yamekwenda. "Mama, umekuja," alisema, lakini hakuinuka.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi mahali."

"Umekula nini?"

"Nitakula."

Phelista alichinja kuku. Huo ndio uganga aliokuwa akiujua. Alimpika kwa mchuzi mzito, akaleta paja zima, na Fridah akaliangalia lile paja, machozi yakaanza kumtoka, hakuligusa. Phelista alikuwa amewaona watu wakilia kwa kukosa kuku, wa kulia kwa kupewa hakuwa amemwona bado. Aliogopa. Usiku ule alilala sakafuni kwa Mwihaki, katikati ya watoto wa Mwihaki na miguu yao.

Asubuhi alimshika Fridah mkono wakaenda kliniki. Huko walimpata Sista Jelimo, mwanamke mrefu wa kusema taratibu. Alimlaza Fridah, akapima tumbo kwa tepu kama ya fundi wa nguo, akatikisa kichwa kidogo. Kisha akachukua ile tarumbeta fupi ya kusikilizia, akasikiliza, akampa Phelista asikilize pia. Phelista akainama, akaweka sikio.

"Uwi! Kumbe kuna cherehani huku ndani!" alipiga kelele, na wajawazito wote waliokuwa kwenye foleni nje wakamsikia.

"Ndio moyo wa mtoto, mama. Huyo ni mzima. Ni kukua tu amechelewa."

Walimtoa Fridah damu, wakaangalia malaria, wakapima presha, wakampa vidonge vya kuongeza damu. Kisha Sista Jelimo akafunga mlango, akavuta kiti. "Fridah, ukifunga macho ulale, akili inaenda wapi?"

"Naogopa," Fridah alisema, na hilo likawa neno lake lote.

Sista akamgeukia Phelista. "Mama, sikiliza. Huu si uvivu, na hakuna mtu amemroga. Akili ya mama mjamzito inaweza kuugua kama vile mguu unaweza kuugua. Sasa mtu wa kuogopa kila siku, hali, halali, anakauka, na mtoto anategemea yeye kwa kila kitu. Sisemi ni hofu peke yake imefanya mtoto akuwe mdogo. Kuna sababu nyingi, na tutaziangalia zote. Lakini hii ya hofu tumeiona, basi tuitibu. Asikae peke yake. Akitaka kuongea mwache aongee, akitaka kulia mwache alie. Na muongee na mtoto pia, siku hizi anasikia."

"Anasikia nini?"

"Sauti. Sana sana ya mamake."

Phelista aliduwaa. Alikumbuka mambo yote aliyosema kuhusu majirani zake wa Kanduyi alipokuwa na mimba ya Fridah, akaona aibu miaka yote hiyo baadaye.

"Nitakuwa nampima kila wiki," Sista alimalizia. "Tusipoona mabadiliko, tutampeleka kwa daktari hospitali kubwa, na yule wa mambo ya akili pia. Hakuna aibu hapo."

Njiani Fridah alimshika mama yake mkono wa gauni, kama mtoto anayepelekwa shule siku ya kwanza. "Mama, usirudi Bungoma."

Hapo ndipo Phelista alipobanwa. Kukaa kwa Mwihaki hakuwezekani, chumba kilikuwa kimejaa hadi mlangoni. Kulala kwa Fridah ni kulala kwa mkwe, na yeye aliamini, kwa moyo wake wote, kwamba mama akivunja mwiko huo balaa inamfikia mjukuu. Na mjukuu ndiye huyo tayari hana nguvu ya kukua. Akiondoka, binti anaisha. Akikaa, labda mtoto anaisha. Alifika kwenye mfereji, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia waziwazi.

Ploti ikakusanyika, maana Kitale mtu halii peke yake. "Si ulale tu!" Mwihaki alisema. "Sisi kwetu mama mkwe analala, anakula, na analalamika ati chai haina majani."

"Nyinyi ni nyinyi," Phelista alijibu akipenga kamasi.

Mzee Kimaiyo, aliyewahi kuwa dereva wa lori na aliamini hakuna barabara isiyo na njia ya kando, alikuna ndevu. "Hebu niambie mama. Mbaya ni mkwe ama mbaya ni nyumba?"

"Ni nyumba ya mkwe."

"Na hii nyumba kwani ni yake? Si ni mimi naangalia? Tumfukuze."

Nyuma ya pikapu, mahali alipokuwa amejificha, Sifuna aliruka juu. "Nifukuzwe! Ndiyo, mzee, nifukuzwe leo!" Sijasikia mpangaji mwingine aliyeshangilia hivyo.

Wakamfukuza mchana huohuo. Alitoa redio zake zilizofumuliwa, nyaya zake na suruali zake, akahamia chumba cha mwisho kilichokuwa stoo ya magunia ya mahindi. Kimaiyo akachukua chaki, akaandika FRIDAH kwa herufi kubwa mlangoni. Phelista akaikagua sheria hiyo mpya pande zote kama mtu anayenunua mbuzi. Akauliza kama kuna soksi ya Sifuna iliyobaki. Ilikuwepo, ikatupwa nje. Akaona picha ya harusi ukutani, Sifuna akimtazama kwa tabasamu, akapiga yowe, picha ikageuzwa ikaangalia ukuta. Baada ya hapo akakubali kwamba hii ni nyumba ya binti yake, na mama kulala kwa binti yake hakuna ubaya wowote. Akalala, akakoroma.

Kilichobaki kilikuwa mfereji mmoja, choo kimoja na geti moja. Watu wa ploti wakatunga utaratibu. Sifuna akitaka kutoka chumbani alipaswa kuimba, ili Phelista apate nafasi ya kukimbia, na Phelista akitoka alipaswa kugonga kifuniko cha sufuria. Sauti ya Sifuna ilikuwa mbaya kupita kiasi. Aliimba tenzi za Jumapili kwa mlio wa mbuzi aliyekanyagwa, na Phelista, mwenye sikio la kwaya, aliteseka kwa kila noti asiweze kumrekebisha. Asubuhi yote ilikuwa ni tenzi, kifuniko, mbio, mlango, tenzi. Mwihaki alisimama katikati akipunga mikono kama trafiki. "Mama, rudi nyuma! Sifuna, pita! Pita haraka, bana!"

Fridah alitazama vituko hivyo kutoka mlangoni, uso umetulia tuli. Lakini alikuwa ameketi mlangoni, si ndani ya giza, na Phelista aliliona hilo. Kila jioni alimlisha uji wa wimbi, njugu za kusaga na mrenda, kijiko kwa kijiko, na kila jioni alilisogelea tumbo akaliambia habari. "Wewe huko ndani, ni mimi kukhu yako, mama ya mama yako. Leo mjini nimeona mwanaume amebeba meza kwa kichwa na chini ya meza amefungua mwavuli. Utakuja kuona mambo." Mwanzoni Fridah aligeuza uso. Baadaye akawa anasikiliza. Wiki ya kwanza tepu ya Sista Jelimo haikuonyesha kitu cha kufurahisha, ya pili ikasogea kidogo tu, na Phelista akaenda nyuma ya kliniki kumwuliza Mungu kama amesahau jambo.

Ndipo ikafika Jumamosi ya bafu.

Phelista alikuwa ametoka kwenda dukani. Sifuna, akiona njia nyeupe, akaingia bafuni na ndoo yake. Bafu lenyewe lilikuwa mabati manne, na mlango ulioanzia magotini ukaishia utosini. Alipokuwa amejipaka sabuni mwili mzima, Phelista akarudi. Duka lilikuwa limefungwa. Na kwa kuwa mikono ilikuwa mitupu hakugonga kifuniko. Akachukua karai la maharagwe, akaketi penye mfereji, mgongo kwa bafu, karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angeyagusa mabati.

Sifuna aliganda. Kuimba sasa ni kumtangazia mama mkwe kwamba yuko uchi nyuma yake. Akabaki kimya. Fridah, aliyeketi kwenye kigoda mbele ya mama yake, akaiona miguu chini ya mlango, imesimama kwa vidole. Kisha juu ya mlango likatokea jicho moja lenye povu, na mkono uliokuwa ukisihi: mwondoe, mwondoe, tafadhali.

Fridah alifungua mdomo amwambie mama yake. Na sijui ni shetani gani mzuri aliyepita, kwa sababu maneno yaliyotoka ni haya: "Mama, hebu niambie tena ile hadithi ya siku ya harusi yako."

Phelista nusura aangushe karai. Tangu alipofika, binti yake hakuwa amemwomba kitu chochote. "Ya fahali?"

"Hiyo hiyo. Na usiruke mahali."

Hakuruka mahali. Alianza na mvua ya siku iliyotangulia, akapita kwa shangazi aliyeshona gauni, akamleta fahali wa mahari aliyekata kamba, akamwingiza kanisani katikati ya viapo. Nyuma yake povu lilikuwa likimkauka Sifuna mwilini. Upepo wa Kitale uliteremka kutoka mlimani ukapenya kwenye mabati. Jicho likatokea tena, sasa likiwa jekundu. "Na mchungaji alifanya nini?" Fridah akauliza haraka, midomo inamtetemeka. "Na bibi harusi alisimama wapi? Na fahali alikuwa rangi gani?"

Sifuna akapiga chafya.

"Nani huyo?" Phelista akauliza bila kugeuka.

"Ni mzee Kimaiyo anaoga," Fridah akasema.

"Aah. Kimaiyo, pole na baridi!"

Kisha kutoka ndani ya mabati ikaja sauti nzito, ya kulazimishwa, ya mtu anayejaribu kuwa mzee wa Kikalenjini kwa mara ya kwanza maishani. "Asante sana, mama."

Na hapo geti likafunguliwa, akaingia mzee Kimaiyo mwenyewe, kofia kichwani, gazeti mkononi. "Hamjambo, akina mama?"

Phelista akamtazama Kimaiyo. Akatazama bafu. Akatazama ile miguu myembamba iliyojaa povu. Yowe alilotoa lilisikika hadi stendi. Alijifunika kichwa kwa karai, maharagwe yakaruka kila upande, akakimbia bila kuona mbele akagonga pikapu, akasema "samahani" kwa pikapu. Sifuna naye alitoka upande mwingine amejifunga taulo ya mtoto wa Mwihaki, akiimba tenzi kwa nguvu zake zote, kwa sababu ndio utaratibu, naye alikuwa mtu wa kufuata utaratibu.

Fridah akacheka. Kilianza kama kikohozi, kikapanda, kikafunguka, kikawa kile kicheko chenyewe cha kufukuzwa darasani. Alianguka kutoka kwenye kigoda, akaketi chini kati ya maharagwe, akacheka akishika mbavu. Mwihaki akacheka kwa kumwona yeye, Kimaiyo akacheka bila kujua sababu, na Phelista, ndani ya karai lake, akasimama pale alipo akasikiliza.

"Mama!" Fridah akaita, mkono juu ya tumbo. "Amepiga teke! Amepiga tena! Mama, njoo!"

Phelista akaja na karai lake kichwani.

Kicheko hicho hakikuisha vizuri. Walipoingia ndani kiligeuka kilio, kilio kirefu kilichokuwa kimengoja mwaka mzima. "Niliogopa kufurahi, mama," Fridah alisema. "Yule wa kwanza nilimfurahia sana. Nilimfumia sweta, nikawa namwonyesha kila mtu. Halafu akaenda. Nikasema huyu sitamfurahia, hata sitamwaza. Labda nikinyamaza, atakaa."

Phelista alikuwa na jibu ambalo wanawake wote wa kwao wanalo tayari kwa siku kama hiyo, kwamba utapata mwingine. Lilimfika kwenye ulimi, akalimeza. "Alikuwa nani?" aliuliza badala yake. "Mvulana?"

"Msichana."

"Basi hatukumlilia. Tumlilie sasa."

Wakamlilia. Phelista alilia kwa ile sauti iliyomshinda mchungaji, na Mwihaki akaja mbio, hakuuliza kitu, akajitupa kitandani akalia nao. Alipochoka ndipo akauliza, "Kwani ni nani amekufa?" Wakamweleza, akaanza upya.

Siwezi kuwadanganya kwamba siku ile ilimaliza kila kitu. Kulikuwa na asubuhi nyingine ambazo Fridah hakutaka pazia lifunguliwe, na Sista Jelimo alimpeleka kwa daktari mara mbili, kama alivyoahidi. Lakini sasa alikuwa akisema. Alisema anaogopa, na Phelista akajibu, "Haya, tuogope pamoja, lakini shika uji." Akawa anakula omena, anakula mayai, anakunywa maziwa ya kibuyu ya mzee Kimaiyo mpaka mzee akaanza kukificha kibuyu. Jioni Sifuna alipiga magoti nje ya dirisha, mama mkwe akiwa ametoka, akaliambia tumbo habari za redio alizotengeneza. Wiki moja Sista alivuta tepu, akaiangalia, akaivuta tena kana kwamba haiamini. "Huyu sasa anafuata wenzake," alisema, na Phelista akamkumbatia akamwinua kutoka sakafuni, mrefu vile alivyokuwa.

Uchungu ulianza asubuhi yenye mvua, mahindi yakiwa ya kufika magotini. Kimaiyo akaiwasha pikapu. Fridah akakaa mbele na Mwihaki. Nyuma hapakuwa na nafasi ya kuchagua, wakapanda Phelista na Sifuna, wakaketi mgongo kwa mgongo, turubai katikati yao, mmoja akiangalia mbele na mwingine akiangalia mlima. Kila shimo la barabara liliwagonganisha visogo. "Samahani," Sifuna aliuambia mlima. "Hakuna neno," Phelista aliiambia mvua. Watu wa mjini walisimama wakashangaa ni harusi au ni wizi.

Hospitalini Phelista alingoja kwenye veranda, na mkwe wake nyuma ya nguzo ya pili. Hakuimba. Hiyo ndiyo siku pekee ambayo Phelista alikosa sauti. Kila mlango ulipofunguka aliinuka, na kila ulipofungwa aliomba kwa midomo tu. Kisha ndani kukawa na kilio chembamba, kikali, kilichokasirika kabisa. Sista wa zamu akatoka na bunda la shuka.

"Mvulana. Si mkubwa sana, lakini ana nguvu kama punda. Mama yake ni mzima. Baba yuko wapi?"

Veranda nzima ikaonyesha nguzo.

Phelista alimpokea. Alimwangalia, akataka kumwonyesha baba yake, na hakukuwa na njia. Kumpa mkononi ni kumgusa mkwe, na kumgeukia ni kumtazama. Akafikiri kidogo. Kisha akampa Sifuna mgongo, akaenda kinyumenyume mpaka karibu na nguzo, akamwinua mtoto akamlaza begani, uso wake mdogo ukiangalia nyuma. Kichanga akafungua jicho moja juu ya bega la bibi yake.

Sifuna alitoka nyuma ya nguzo hatua moja. Alitazama muda mrefu. "Ana masikio yangu," alisema.

Mbele ya Phelista ukutani kulikuwa na bango la malaria lenye picha ya mbu. "Mungu atamsaidia," Phelista aliliambia bango. Akasikia mkwewe akicheka na kulia kwa pamoja, na yeye mwenyewe machozi yalikuwa yakimwingia mdomoni. Wote wawili wakasimama hivyo, mtoto katikati, kila mmoja akifuta uso wake upande wake.

Ndipo wodi ikatetemeka.

"Mama!" Fridah aliita kutoka kitandani, kwa sauti ambayo sasa kila mtu angejua aliirithi wapi. "Mama! Mmempeleka wapi mtoto wangu? Mrudisheni hapa!" Sista akamwambia anyamaze, kuna wagonjwa, na yeye akaongeza. "Sinyamazi! Ni wangu! Nimwone tena!"

Sifuna akageukia ukuta kwa adabu, Phelista akampita mbio, mtoto kifuani. Fridah alikuwa ameketi kitandani, jasho bado usoni, mikono yote miwili ameinyoosha kuelekea mlangoni.